Umegunduliwa na kisukari Nairobi? Kwa nini kila kituo kina lake

Kambi ya afya imewekwa uwanjani Kayole siku ya Jumamosi. Mtu anadungwa kidole, mashine inaonyesha 12.6, anaambiwa ana sukari. Jumatatu anapita zahanati ya mtaani, anapimwa 8.1, anaambiwa apunguze chai ya sukari na arudi baada ya mwezi. Moyo haujatulia, kwa hiyo anakwenda hospitali ya kaunti bila kula. Damu inatolewa mkononi, jibu ni 7.8, anapewa metformin, kidonge cha kushusha sukari, karatasi ya kipimo kingine cha kufanyia maabara ya nje, na tarehe ya kliniki ya wiki sita zijazo. Shangazi yake anayejidunga insulini anasema hao wote hawajui kazi. Jirani naye anamwonya kwamba dawa ya sukari ukiianza huachi, kwa hiyo bora asiianze.

Malalamiko ya namna hii yamejaa kila mahali mjini, na mengi yana haki. Lakini ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Kuna tofauti ambazo ni za kawaida katika ugonjwa huu, hata ungetibiwa hospitali ghali kuliko zote Upper Hill: kipimo hubadilika, dozi hupandishwa polepole, lengo la mzee si lengo la kijana. Na kuna kasoro za mfumo wenyewe: dawa kuisha, rekodi kupotea, mgomo. Asiyezitenganisha hugombana na afisa aliyefanya kazi yake vizuri, kisha hunyamazia kosa linaloweza kumlaza wodini.

Maneno ya kuanzia

Kisukari ni hali ya glukosi, yaani sukari itokanayo na chakula, kubaki juu kwenye damu kwa sababu insulini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Bila hiyo glukosi haiingii kwenye misuli na sehemu nyingine zinazoihitaji.

Katika aina ya 1, kinga ya mwili imeharibu seli zinazotengeneza insulini. Mgonjwa lazima adungwe insulini tangu siku ya kwanza, na vidonge havichukui nafasi yake. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya watu wengi, insulini ipo lakini mwili hauiitikii vizuri, na kongosho huzidi kuchoka miaka ikipita. Kuna pia kisukari cha ujauzito, chenye vipimo na malengo yake, ambacho sitakigusa hapa.

Aina hizi hazitenganishwi kwa umri peke yake. Mtu mzima mwembamba aliyekonda haraka, anayekojoa usiku kucha na asiyesaidiwa na vidonge, anastahili kuulizwa upya kama kweli ana aina ya 2. Hili ni kosa ambalo hupita kituo hata kituo, kwa sababu kila afisa anaamini kilichoandikwa na mwenzake wa kwanza.

Mtu huhesabiwa kuwa na kisukari akipimwa 7.0 au zaidi bila kula kwa angalau saa 8, au 11.1 na kuendelea wakati wowote, akiwa na dalili kama kiu kali, kukojoa sana na kukonda. Au HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi kadhaa iliyopita nitakachokieleza mbele, ya asilimia 6.5 na kuendelea. Asiye na dalili haandikiwi kisukari kwa kipimo kimoja: hurudiwa siku nyingine, au hufanyiwa kipimo cha aina tofauti. Namba za sukari hapa ni za milimoli kwa lita, zinazotumika Kenya. Ukisoma mtandaoni kwamba sukari ya mtu ni 180, hiyo ni miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate 10.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Kayole. Namba 12.6 ya kambini peke yake haikutosha kumwandikia ugonjwa, na 7.8 ya hospitali peke yake isingetosha pia. Zikiwekwa pamoja zinakubaliana, kwa kuwa ni vipimo viwili tofauti na vyote vimevuka mpaka. Iliyo bure ni ile 8.1 ya katikati, ambayo hakuna aliyeandika ilipimwa saa ngapi wala alikuwa amekula nini. Na hiyo ndiyo iliyompa matumaini.

Kwa nini namba hazifanani

Sukari ya damu haikai mahali pamoja. Hupanda baada ya chapati na soda, hushuka ukitembea kutoka mjini hadi Kibera, hupanda ukiwa na homa, jino bovu au mkojo wenye maambukizi, na kwa wengine hupanda alfajiri bila kula chochote kwa sababu ini hutoa glukosi mwili ukijiandaa kuamka. Kwa hiyo namba isiyo na saa na isiyo na neno “amekula” au “hajala” karibu haina maana.

Mashine nazo zina mipaka. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kidole kinadai kwamba katika vipimo 100, angalau 95 viwe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara, sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Maana yake ni kwamba mtu mwenye 7.0 halisi anaweza kuonyeshwa 6.0 au 8.0 na mashine nzima isiyo na hitilafu. Ndiyo maana kidole kinafaa kufuatilia ugonjwa lakini uamuzi wa kwanza huachiwa maabara. Ukipata 7.4 huku na 8.0 kule, hakuna aliyekosea.

Yanayokosewa kweli ni madogo madogo. Kidole kilichoshika embe au ndizi kisha kikadungwa bila kuoshwa hutoa namba ya matunda, si ya damu. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Stripu, vile vipande vinavyopokea tone la damu kwenye mashine, zikiachwa nje ya kichupa chake huharibiwa na unyevu. Stripu za mashine moja hazitumiki kwenye nyingine, hata zikionekana kuingia. Na hata maabara ina udhaifu wake: damu ya glukosi ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila kushughulikiwa, seli huendelea kula sukari, nayo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa. Foleni ya maabara ikiwa ndefu, jibu linaweza kutoka zuri kuliko ukweli. Chupa yenye floridi, ambayo kifuniko chake kwa kawaida ni cha kijivu, hupunguza upotevu huo.

HbA1c ni jambo jingine kabisa. Hupima kiasi cha glukosi iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi miezi mitatu hadi minne hivi, jibu linasimulia miezi mitatu hivi iliyopita. Kidole ni salio la M-Pesa la dakika hii. HbA1c ni taarifa ya miezi mitatu. Anayejinyima siku mbili kabla ya kliniki ili asigombezwe huidanganya ya kwanza, lakini ya pili haidanganyiki. Ila ina vipofu vyake: mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu lisilo sahihi, na ni juu yake kumwambia daktari kabla. Isipopatikana, au pesa ya maabara ya nje isipopatikana, matibabu hayasimami. Daftari lenye vipimo kadhaa vya asubuhi kabla ya kula linatosha kuongoza dozi.

Kwa watu wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula, chini ya 10 saa mbili baada ya kula, na HbA1c chini ya 7. Mzee wa miaka 75 anayeishi peke yake, au mwenye ugonjwa wa figo, mara nyingi huruhusiwa HbA1c kufika 8, kwa kuwa kuanguka bafuni kwa sababu sukari imeshuka kutamuua mapema kuliko sukari iliyopanda kidogo. Mama na binti wanaohudhuria kliniki moja wakipewa malengo mawili, hapo hakuna upendeleo.

Kidonge kilichobadilika jina

Hapa ndipo pa kukaza macho, maana ndipo watu wanapoumia.

Metformin huanzwa na miligramu 500 mara moja au mbili kwa siku, pamoja na chakula, kisha hupandishwa baada ya wiki moja au mbili hadi kwenye miligramu 2,000 hivi kwa siku. Huanzwa kidogo kwa sababu huchafua tumbo: kuhara, gesi, kichefuchefu. Wengi hutulia ndani ya wiki chache. Kwa hiyo daktari wa mwezi wa pili akiongeza dozi hajampinga wa kwanza, anamalizia alichokianza. Ile hofu kwamba metformin huua figo imegeuza mambo: dawa hii hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo figo zikidhoofika sana hupunguzwa au husimamishwa isije ikajikusanya. Kinachoharibu figo ni sukari na presha zilizoachwa juu kwa miaka.

Hatari kubwa iko kwenye dawa zinazolazimisha kongosho kutoa insulini zaidi: glibenclamide, gliclazide, glimepiride. Hizi ni ndugu. Leo kituo kina gliclazide, mwezi ujao kina glibenclamide peke yake, na mgonjwa, akiona jina na rangi tofauti, anadhani ameongezewa dawa. Anameza zote mbili. Sukari inashuka hadi 2 usiku, familia inadhani ni kiharusi au malaria. Vivyo hivyo na chapa: Glucophage ni metformin, Daonil ni glibenclamide, Diamicron ni gliclazide. Kila unapopewa pakiti mpya dirishani, tafuta jina dogo chini ya jina kubwa, kisha uulize swali moja: hii ni badala ya ile, au ni pamoja na ile? Famasia asipokujibu, rudi kwa aliyekuandikia. Glibenclamide hasa haiwafai wazee na wenye figo dhaifu, kwa kuwa hushusha sukari kwa muda mrefu. Mtu wa hivyo akibadilishiwa kwa sababu tu nyingine imeisha, ana haki ya kuuliza.

Insulini haina msamaha hata kidogo. Aina inayojulikana sana kliniki za Nairobi ni ile ya mchanganyiko wa 30/70, ambayo wengi huiita Mixtard: asilimia 30 hufanya kazi haraka, 70 polepole. Huwa kama maji ya mchele, na huviringishwa viganjani kabla ya kuvutwa. Ile ya kazi ya haraka peke yake ni maangavu kama maji. Ukiambiwa “mchanganyiko umeisha, chukua hii” nawe ukapewa iliyo maangavu, usidunge yuniti zilezile kwa saa zilezile. Dozi lazima ipangwe upya na aliyekuandikia. Tumia sindano ya insulini yenye alama za yuniti 100 kwa mililita. Katika bomba la kawaida, alama ya mililita 0.1 ni yuniti 10, na kosa la mstari mmoja linatosha kumpoteza mtu. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, kwani iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la nyumba ya Nairobi kwa wiki nne hivi, ikiwa mbali na jua, jiko na paa la mabati. Asiye na friji huweza kuihifadhi kwenye chungu ndani ya kingine, katikati mkiwa na mchanga unaoloweshwa kila siku.

Kila anayetumia insulini au dawa za kundi la glibenclamide ajue hili kabla ya kujua jingine lolote: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla na kuongea ovyo ni dalili kwamba sukari imeshuka mno. Pima; ikiwa chini ya 4, au huna mashine, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha kula chakula. Aliyezimia hanyweshwi chochote, hukimbizwa hospitali.

Na insulini si hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Imekuwa ikiwaweka watu hai tangu 1922. Sababu inayofanya ionekane ya mwisho ni kwamba wengi huikubali wakiwa wameshachelewa.

Nani anaendesha nini

Vituo vya umma vimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 1 ni wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia mikoba yenye mashine ya sukari na ya presha. Ngazi ya 2 ni zahanati, ya 3 ni vituo vya afya kama Riruta na Kangemi, ya 4 na 5 ni hospitali za kaunti kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, na ya 6 ni hospitali za taifa kama Kenyatta. Tangu ugatuzi uanze 2013, ngazi ya 1 hadi 5 ziko chini ya kaunti, ya 6 chini ya serikali kuu. Nairobi ilipata la ziada: mwaka 2020 afya ilihamishiwa NMS, shirika la serikali kuu lililopewa baadhi ya kazi za kaunti, kisha ikarudi kaunti mwaka 2022. Mgonjwa anayevuka kutoka Mbagathi kwenda Kenyatta, mwendo mfupi wa miguu, anavuka kutoka mwajiri mmoja, bajeti moja na stoo moja kwenda nyingine kabisa.

Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupangia kila ngazi dawa zake. Kwa hiyo zahanati kukosa aina fulani ya insulini huenda si uzembe, huenda haikupangiwa. Lakini kukosa metformin ni uhaba, na mara nyingi chanzo chake ni oda iliyochelewa au deni la kaunti kwa KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa. Afisa wa dirishani hana uwezo juu ya hilo.

Upande wa malipo, NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikufa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaanza kazi Oktoba 1, 2024. Ina mifuko mitatu, na kuichanganya ndiko kunakozaa vita kwenye dawati la mapokezi. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, unaolipwa na serikali: ukishajisajili, kwa *147# au kituoni ukiwa na kitambulisho, zahanati na kituo cha afya cha umma kinapaswa kukuona hata kama hujachanga senti. Wa pili ni bima yenyewe, asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara, na asiyeajiriwa hukadiriwa mapato yake akatakiwa kulipia mwaka mzima. Huu ndio unaohusika ukipanda hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na kwa magonjwa sugu kisheria huingia baada ya kikomo cha ule wa pili kumalizika. Ndiyo maana “nimesajiliwa” na “nimelipia” ni majibu mawili tofauti, na ndiyo maana mtu huyohuyo huonwa bure Riruta Jumanne na kudaiwa pesa kwingine Alhamisi. Kabla ya damu kutolewa, uliza kwenye dawati la SHA kama kipimo hicho kinalipiwa katika ngazi hiyo. Usimuulize wa maabara, atakupima kwanza.

Jambo moja halina mfuko. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa wa sukari anayetapika bila kukoma, anayepumua kwa nguvu, mwenye harufu ya matunda mdomoni au anayesinzia ovyo ni dharura. Mashine ikiandika HI haikusalimii: kwa mashine nyingi inasema sukari imepita 33.3. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Daftari

Katika vituo vingi faili hubaki pale pale, na ukihamia kituo kingine unaanza upya kama mgeni. Mwenye kuunganisha matibabu ni wewe, kwa daftari la shilingi hamsini. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, namba, umekula au hujala. Nyuma andika jina halisi la kila dawa, miligramu au yuniti, mara ngapi, na tarehe iliyobadilishwa na kwa nini. Ongeza presha, jibu la mwisho la HbA1c, na kreatinini, ambayo ndiyo kipimo cha figo. Piga picha ya kila karatasi ya maabara. Wino wa karatasi za mashine hufifia.

Kliniki ikikuona kila mwezi bila kukufanyia haya, dai kwa upole lakini dai: HbA1c kila miezi mitatu hadi itulie, kisha kila miezi sita, macho, damu ya figo na protini kwenye mkojo mara moja kwa mwaka, miguu iguswe na kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka, na wewe uitazame kila jioni, kati ya vidole na chini ya nyayo. Watu hukaa miaka wakidungwa kidole tu, wakidhani wanafuatiliwa.

Ugonjwa ukishatulia, huna haja ya kupanga foleni ya alfajiri hospitali kubwa kila mwezi. Omba barua ya kurudishwa kituo cha afya kilicho karibu kwa dawa na presha, na hospitali uiachie insulini inayosumbua, macho, figo na kidonda kisichopona. Uliza siku za kliniki ya sukari kabla ya kwenda. Vituo vingi huwa na siku moja au mbili tu kwa wiki, na ukifika siku nyingine utaonwa na yeyote aliye zamu, bila faili lako.

Migomo nayo ipangie. Ule wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulikwenda siku 100, na wa 2024 siku 56. Weka akiba ya wiki mbili ya vidonge, ukitumia ya zamani kwanza na kuirudishia kila unapopewa mpya. Madaktari wakigoma peke yao, kituo cha ngazi ya 2 au 3 kinachoendeshwa na wauguzi na maafisa wa kliniki kwa kawaida huendelea kutoa metformin na kupima presha. Wauguzi wakigoma pia, zinabaki hospitali za misheni na famasi za mtaani, nazo zitataka kuona dozi iliyoandikwa. Wa insulini asipunguze wala kuruka yuniti ili chupa ifike mbali. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kwa hiyo toa zinazopotea ukitoa hewa kwenye sindano, gawanya zilizobaki kwa unazotumia kwa siku upate siku itakazofika, kisha anza kutafuta nyingine siku kumi kabla haijaisha au wiki zake nne hazijatimia.